Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii twaitumia kwa watu: mgeni hutambulikana, awe mkwe, awe mwalimu mpya wa shule. Lakini leo, ndugu msomaji, tuichukue kama ilivyo, tumseme kuku mwenyewe. Kwani katika vijiji vyetu vya Tabora, tangu Sikonge hata Urambo, tangu Nzega hata Kaliua, kuku wageni waingia uani kila juma. Huyu kanunua jogoo mwekundu mnadani. Yule kaletewa vifaranga chotara katika boksi kwa basi. Wa tatu kapewa zawadi na shemeji yake. Wote wana tumaini moja: kuku waongezeke na kunenepa, mayai yapatikane, na sare na madaftari ya watoto yasiwe tena deni dukani.

Wengine wamefanikiwa. Wengine wamelia. Mtu hununua jogoo mzuri siku ya mnada, na juma la pili hana jogoo, hana mitetea, hana vifaranga. Banda limebaki manyoya tu. Hapo majirani husema, “Si tulikuambia? Kuku wa kizungu hawafai huku kwetu.” Je, ni kweli? Damu ya kigeni ni mbaya? La. Kosa ni kwamba yule kuku mgeni aliingia bila kamba mguuni.

KUKU WETU NAO WALIKUWA WAGENI

Kwanza tujue jambo moja. Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Wetu ni kanga. Kuku asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Watu walimfuga huko, akavuka bahari katika vyombo, akafika pwani yetu, na toka pwani akaingia bara pamoja na watu.

Na sisi wa Tabora twaijua njia ya kuingia bara. Ni ile iliyoanza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapa iligawanyika: moja ikaenda Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini upande wa ziwa Viktoria. Babu zetu Wanyamwezi waliijua kwa nyayo zao, wakichukua pembe za ndovu na majora ya nguo mabegani. Watumwa nao walipita humo na minyororo shingoni, hilo tusilisahau. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Mapadre wa kwanza wa White Fathers waliondoka Bagamoyo mwaka 1878 wakafuata njia hiyo hiyo. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.

Misafara hiyo ilikula. Ilinunua kuku vijijini kwa shanga na vitambaa, ikawauza wengine, ikawabadilisha wengine. Kwa hiyo kuku wa mji wa njiani hana ukoo mmoja. Wataalamu waliochunguza damu ya kuku wa kienyeji wa Tanzania wameona humo koo za mama zenye asili ya Bara Hindi na koo zenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Mtazame Kuchi, jogoo yule mrefu mwenye shingo iliyosimama, kifua wazi, miguu mirefu, na ukali wa askari. Umbo lake ni la kuku wa kupigana wa Asia. Hupatikana huku kwetu, na Shinyanga na Mwanza, na Unguja pia. Mtazame tena Singamagazi wa Tabora, mzito wa mwili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro waliwapima kuku wa kienyeji wa namna mbalimbali, wakaona jogoo wa Singamagazi hukaribia kilo 3, naye Kuchi hupita kilo 2 na nusu, ambapo majogoo wa namna nyingine hawafiki kilo 2.

Basi, tusiseme kwamba kuchanganya kuku ni uzushi wa leo. Kuku tunaowaita wa kienyeji ni chotara wa zamani. Njia iliwaleta.

LAKINI NJIA HULETA NA MAUTI

Njia iletayo mbegu njema huleta na maradhi. Ugonjwa wa kideri, wengine huuita mdondo, ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza. Mwaka 1935 ulionekana Mombasa. Leo hakuna kijiji kisichoujua. Kuku huzubaa, hupumua kwa shida na mdomo wazi, huharisha kijani, shingo hupinda, mabawa hulegea, na katika siku chache hufa. Kundi lisilochanjwa laweza kuisha lote. Dawa ya kuuponya haipo. Si mwarobaini, si pilipili, si majivu. Hivyo vyote vimejaribiwa na kuku wamekufa.

Hapa pana jambo la dhamiri, nasi tuliseme wazi. Kuku wawili wanapokufa asubuhi, wengi wetu tunafanya nini? Twawakamata waliobaki, twawafunga miguu, twakimbilia mnadani au kituo cha basi kuwauza rahisi kabla hawajafa. Mnunuzi hajui. Anakwenda nao kijijini kwake, wanakufa, na kuku wa jirani zake wanakufa. Ndugu, huo ni wizi, na amri ya saba yatukataza. Tumechukua fedha ya mtu tukampa maiti. Na kideri huyo huyo atarudi kwetu mwakani katika tenga la mwingine aliyefanya kama sisi.

KAMBA YENYEWE NI HII

Zamani kuku mgeni alifungwa kamba mguuni asipotee, mpaka aizoee nyumba. Leo tumfunge kwa sababu ya pili: tumjue hali yake kabla hajala na wenzake.

Kuku yeyote aingiaye, hata akitoka kwa ndugu, hata akiwa zawadi ya arusi, akae peke yake majuma mawili, mbali na banda. Awe na chombo chake cha maji na cha chakula. Wahudumie kwanza kuku wa nyumbani, mgeni awe wa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Mtazame macho, kinyesi na mabawa. Mpekue manyoya, uone kama ana chawa au utitiri. Akipona majuma mawili, ndipo umfungulie.

Na kabla hujamleta, wachanje wa kwako. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja tu katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila miezi mitatu. Ilitengenezwa ili istahimili joto kuliko chanjo za zamani, tena hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Hata hivyo isiachwe juani. Ichukuliwe katika chombo cha baridi, au imefungwa katika kitambaa kibichi. Kuku aliyekwisha kuugua haponywi na chanjo. Kwa hiyo tusingoje vifo. Kideri hupenda miezi ya ukavu, basi mwezi wa Juni usipite bure.

Wengine hulalamika kwamba chupa moja ni ya kuku mamia, na wao wana kuku 9. Ni kweli, nayo ikiisha kufunguliwa haifai kuwekwa akiba ya juma lijalo. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo ni za nini? Nyumba 15 zikichanga, kila moja hutoa senti kidogo tu. Mchague siku moja, alfajiri kabla kuku hawajatoka. Vijana wawili waliofundishwa na afisa mifugo, yule tuliyezoea kumwita bwana mifugo, wapite nyumba kwa nyumba, pamoja na nyumba za wasio Wakristo. Kideri haulizi mtu dini yake, na nyumba moja isiyochanja ni tundu katika ukuta wa wote.

HESABU YA MITETEA 6

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu. Mama ana mitetea 6 wa kienyeji. Kila mmoja aatamia mara 3 kwa mwaka, kila mara mayai 10. Hayo ni mayai 180. Katika kila mayai 10 hutotoa 8: vifaranga 144. Je, mwisho wa mwaka mama ana kuku 144? Hata kidogo. Mwewe kachukua, nguchiro kachukua, mvua imeua, njaa imeua. Tuseme kila vifaranga 3 hukua 1. Amebaki na 48. Kideri kikipita, hana hata hao.

Tuseme sasa mama huyo hakununua jogoo wa kigeni hata mmoja. Amechanja tu, na vifaranga amewaweka na mama yao chini ya tenga, ndani, kwa majuma manne ya kwanza. Katika kila vifaranga 3 sasa wamekua 2. Ana kuku 96. Amezidisha mara mbili bila kubadili damu. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza chanjo, pili ulinzi wa vifaranga, tatu chakula, na jogoo mpya awe wa nne. Mwenye kuanza na jogoo ameanza kuezeka kabla ya kujenga kuta.

Chakula cha vifaranga si lazima kitoke dukani. Chenga za mahindi au mtama, na mchwa. Chukua chungu kikuukuu, jaza mabua makavu na mavi ya ng'ombe, nyunyiza maji, ukifunike jioni juu ya tundu la mchwa, asubuhi wamejaa. Dagaa wa Kigoma waliosagika, wasiofaa kwa mboga, ni chakula kizuri sana. Majani mabichi yasikosekane, na maji safi kila siku. Katika kiota, chini ya nyasi, weka majani makavu ya tumbaku, kama wafanyavyo wengi katika nchi yetu hii ya tumbaku, kuwafukuza chawa na utitiri.

KABLA YA JOGOO MGENI, TAZAMA JOGOO WAKO

Kuna kosa lingine lililomo nyumbani mwetu wenyewe. Noeli ikifika, tunachinja jogoo yupi? Yule mkubwa. Mgeni wa heshima akija, yupi? Mkubwa. Mnadani tunauza yupi? Mkubwa, kwa kuwa ana bei. Anayebaki kupanda mitetea ni yule mdogo, mwoga, mwenye miguu iliyopinda. Kisha tunashangaa kwamba kuku wetu wanazidi kuwa wadogo. Tumewachagua hivyo sisi wenyewe kwa miaka mingi! Nani ahifadhiye mbegu mbovu za mahindi kwa kupanda, akala zilizo njema?

Basi, vifaranga wakifika miezi mitatu, mchague jogoo mmoja aliyewashinda wenzake kwa ukubwa na afya, ambaye mama yake ni mtagaji na mlezi mzuri. Mfunge kitambaa mguuni. Huyo haguswi, hata akija nani. Mitetea nao wachague hivyo hivyo. Mtetea aliyelea vifaranga 8 na kuwafikisha wote ukubwani ni mali kuliko shilingi utakazopewa.

JOGOO GANI ALETWE?

Ukiwa umekwisha kufanya hayo, mlete jogoo. Waweza kutafuta Singamagazi au Kuchi mzuri katika kijiji kingine. Kuchi aongeza mwili, ila ni mgomvi. Asikae na jogoo mwenzake. Waweza pia kumpata Rhode Island Red, jogoo mwekundu wa asili ya Marekani, ambaye mitetea ya ukoo wake, wakilishwa vyema, hutaga zaidi ya mayai 200 kwa mwaka, ambapo wetu hutaga kama 40 hata 60. Watoto wake na mitetea ya kienyeji huwa katikati: hukua upesi kuliko mama zao, hutaga zaidi, na bado wanajua kujitafutia.

Jogoo mmoja atosha mitetea 8 au 10. Ukimtoa jogoo wa zamani, ngoja majuma matatu kabla ya kuchagua mayai ya kuatamisha, maana mbegu ya yule wa kwanza hukaa ndani ya mtetea siku nyingi.

Wako pia chotara wanaouzwa wakiwa vifaranga. Mwaka 2014 ulianza mpango wa kuwajaribu kuku wa namna hii Ethiopia, Nigeria na Tanzania. Hapa kwetu waliojaribiwa vijijini ni Kuroiler, aliyetoka Bara Hindi, na Sasso, aliyetoka Ufaransa. Ni kuku wazuri, wazito, wenye kuleta fedha upesi. Lakini wajue kabla hujawanunua. Hula sana. Hawana desturi ya kuatamia. Tena watoto wao hawafanani na wazazi: utapata mkubwa mmoja na wadogo watatu. Kwa hiyo ni kuku wa kununua, kukuza na kuuza. Mtu aliyeuza mitetea yake yote ya kienyeji ili awafuge hao tu, siku akikosa fedha za vifaranga wapya, amekosa kuku kabisa. Hana hata wa kulalia yai moja.

MWAKA WA PILI NDIO WA HATARI

Mwaka wa kwanza wengi hufurahi. Mwaka wa pili huharibu, kwa kumwacha jogoo yule yule awapande binti zake. Sisi hatuozi binti kwa baba yake. Tusilifanye hilo kwa kuku. Vifaranga wa namna hiyo huwa wachache na dhaifu. Mwaka ukiisha, mbadilishane jogoo na jirani wa kijiji cha mbali, na kila mmoja amfunge wake kamba majuma mawili, kama tulivyosema.

Tena usilete Rhode Island mwingine juu ya wale binti chotara. Watoto watakuwa na damu ya kigeni robo tatu: watataka chakula zaidi, nao wataanza kusahau kuatamia. Waletee jogoo mkubwa wa kienyeji, Singamagazi au Kuchi. Na siku zote nusu ya mitetea wawe wa kienyeji hasa, wale walezi. Wao ndio watakaolalia hata mayai ya wenzao.

KUKU NI WA NANI?

Neno la mwisho ni kwa sisi akina baba. Mama ndiye afagiaye banda, ndiye atupaye punje asubuhi, ndiye ajuaye ni mtetea yupi anataga kichakani. Kisha rafiki zetu wakija, twaagiza, “Kamata yule jogoo,” bila kumwuliza. Na yule jogoo ndiye aliyefungwa kitambaa! Kazi ya mwaka mzima imekwisha katika sufuria moja. Baba mwenye busara humwuliza mke wake kwanza, na akiambiwa “huyo hapana,” hukubali. Huko si kushindwa na mwanamke, ni kutunza nyumba.

Na watoto wapewe mayai. Wako bado wazee wasemao kwamba mtoto au mama mjamzito asile yai. Imani hiyo haina msingi. Kama kuku wametaga mayai 6, uza 4, na 2 yaingie katika uji na mboga ya wadogo. Haifai mtoto anayechunga kuku akue na tumbo la utapiamlo.

Bwana wetu alipotaka kutuonyesha pendo lake, hakuona haya kujifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa yake. Mfano huo aliuchukua uani, mahali tunapopita kila asubuhi bila kutazama. Basi kesho, kabla ya kwenda shambani, mfungue mlango wa banda, uwahesabu kuku wako mmoja mmoja, umchague yule wa kufungwa kitambaa. Na mgeni akiingia, mkaribishe, kwa maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kamba mguuni isikosekane.